Sauti ya Mtumiaji na Hatima ya Istilahi: Majaribio Yasiyo na Msimamizi katika Eneo la Chai la Kericho na Bomet

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili za teknolojia una historia ndefu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa programu zake kwa Kiswahili katika muongo huohuo. Nchini Kenya, wanafunzi walikutana na tarakilishi na rununu vitabuni ilhali nyumbani walisema kompyuta na simu. Katika mijadala hiyo yote swali lililotawala ni iwapo neno fulani limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha. Swali jingine, iwapo neno hilo linamfikisha mtumiaji anakotaka kwenda, halikupewa uzito uo huo.

Makala haya yanaeleza mbinu moja ya kulijibu swali hili la pili: jaribio la utumikaji lisilo na msimamizi, ambamo skrini ya simu na sauti ya mtumiaji hurekodiwa kwa pamoja. Eneo linalochukuliwa kuwa mfano ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako Kiswahili ni lugha ya pili ya wengi na lugha ya kazi ya wengi zaidi.

Maana na chimbuko la mbinu hii

Katika jaribio la utumikaji, mtu hupewa kazi ya kutekeleza kwa kutumia programu, naye huombwa aseme kwa sauti yale yanayompitia akilini anapoitekeleza. Kinachopimwa ni programu wala si mtu. Pale ambapo jaribio lina msimamizi, mtafiti huketi kando, huuliza na huandika. Pale ambapo halina msimamizi, mshiriki hubaki peke yake na simu, maagizo mafupi na kinasasauti. Mtafiti huitazama na kuisikiliza rekodi baadaye.

Mbinu ya kufikiri kwa sauti iliingizwa katika usanifu wa kompyuta na Clayton Lewis wa kampuni ya IBM mwaka 1982. Msingi wake wa kisaikolojia ulijengwa na K. Anders Ericsson na Herbert Simon katika makala yao ya mwaka 1980 na kitabu chao cha mwaka 1984. Wataalamu hao walitofautisha mambo mawili. Mtu akisema tu kile kilichomo akilini mwake kwa wakati huo, fikra zake haziathiriki sana. Akitakiwa aeleze kwa nini anatenda hivyo, huanza kutafuta sababu, na utendaji wenyewe hubadilika. Kutokuwapo kwa msimamizi kuna faida hapa, kwani hakuna wa kumkatiza mshiriki kwa maswali ya "kwa nini".

Mnamo mwaka 2007 kampuni ya UserTesting ilianzishwa Marekani ikiuza majaribio ya aina hii kupitia intaneti. Baadaye simu zenyewe zilipata uwezo huo. Simu za Android ziliruhusu programu kurekodi skrini kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, na tangu toleo la 11 la mwaka 2020 uwezo huo umekuwa sehemu ya mfumo wenyewe. Hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji maabara ili aendeshe jaribio la namna hii.

Kwa nini Kericho na Bomet?

Sababu ya kwanza ni ya kiisimujamii. Wenyeji wengi wa kaunti hizi mbili huzungumza Kipsigis, mojawapo ya lahaja za Kikalenjin. Mashamba makubwa ya chai nayo yamewavuta kwa miongo mingi wafanyakazi kutoka Gusii, sehemu nyingine za Nyanza na Magharibi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu hawa katika vituo vya kupimia majani, dukani na kwenye matatu. Istilahi itakayoeleweka na kundi hili ina nafasi nzuri ya kueleweka kwingineko nchini.

Sababu ya pili inahusu riziki. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kila mwezi kwa kadiri ya kilo alizopeleka, kisha baada ya mwaka wa fedha hupata malipo ya pili yanayojulikana na wote kwa jina la bonasi. Kutokana na malipo hayo hukatwa gharama kama vile ya mbolea aliyoichukua kwa mkopo. Mkulima asipolielewa neno moja katika hesabu hiyo, hasara inaweza kumfikia mfukoni.

Tuchukulie kwamba kuna programu ya simu inayomwonyesha mkulima hesabu yake kwa Kiswahili, na mfasiri amechagua maneno pato ghafi, makato, pato halisi na gawio la mwisho wa mwaka. Maneno haya yote ni sahihi. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea neno malighafi, pato ghafi linaweza kueleweka kuwa ni habari ya majani mabichi kabla ya kufika kiwandani. Mwingine anaweza kulichukua kuwa ndiyo fedha atakayoipokea, akakopa kwa kuitegemea, kumbe makato bado hayajaondolewa. Anayetafuta bonasi naye anaweza kulipita neno gawio mara tatu bila kusita.

Mkulima huyo akiulizwa ana kwa ana na mwanafunzi wa chuo kikuu, huenda akajibu kwa heshima: "Ni nzuri, mwanangu, naelewa." Jibu hilo ni la adabu, na adabu haipimi istilahi. Skrini iliyorekodiwa ingeonyesha kidole kikisita, kikirudi nyuma na kufungua ukurasa usiohusika. Sauti nayo ingeeleza sababu ya kusita huko. Picha bila sauti humwonyesha mtafiti mahali pa tatizo tu, nayo sauti bila picha humwacha asijue neno linalozungumziwa. Ndiyo maana viwili hivi hurekodiwa pamoja.

Hatua za kuendesha jaribio

Hatua ya kwanza ni kuandika kazi. Kanuni kuu ni kwamba kazi isitaje neno linalojaribiwa. Ikiwa kitufe kimeandikwa "Makato", mshiriki asiambiwe "tafuta makato", kwa kuwa atalinganisha herufi tu. Aambiwe: "Ulichukua mbolea kwa mkopo. Tafuta ni pesa ngapi zimeondolewa mwezi huu kwa ajili yake." Kazi tatu au nne zinatosha kwa dakika 15.

Hatua ya pili ni kuchagua washiriki. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kihesabu kwamba ikiwa kila mshiriki hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, washiriki 5 hufichua takribani asilimia 85. Hesabu hiyo huchukulia kuwa washiriki wanafanana. Mkulima mzee wa Konoin anayezungumza Kipsigis nyumbani na mchumaji kijana aliyetoka Kisii si kundi moja. Kila kundi lahitaji washiriki wake.

Hatua ya tatu ni maagizo. Kwa kuwa hakuna wa kumkumbusha mshiriki, ukimya ndio adui mkubwa wa jaribio hili. Inafaa aanze kwa zoezi jepesi la kusema kwa sauti, kwa mfano anapotafuta jina la jamaa yake katika simu. Aidha, aruhusiwe kusema kwa lugha anayoifikiria. Akilisoma neno la Kiswahili na kulitafakari kwa Kipsigis, hapo ndipo ushahidi ulipo. Mwanafunzi anayezimudu lugha hizo mbili ana nafasi ambayo mtaalamu wa mbali hana.

Hatua ya nne ni kuhifadhi na kutuma. Rekodi ya dakika 15 yenye kilobiti 500 kwa sekunde hufikia takribani megabaiti 56, ilhali sauti pekee ya kilobiti 24 kwa sekunde haifiki megabaiti 3. Ni bora rekodi ikae katika simu ya mtafiti iliyoazimwa, ichukuliwe baadaye, kuliko kumtwika mshiriki gharama ya data.

Hatua ya tano ni kunukuu. Kifonolojia, Kikalenjin hakitofautishi vipasuo ghuna na sighuna, hivyo katika matamshi ya baadhi ya wazungumzaji pata na bata au toa na doa hukaribiana. Mwenye kunukuu aandike kilichosemwa na muda kiliposemwa, bila kumsahihisha msemaji. Programu za kunukuu kiotomatiki zaweza kusaidia, lakini sikio la mtu ndilo la kuthibitisha.

Faragha na idhini

Simu ya mtu ni kama chumba chake. Skrini inaporekodiwa, ujumbe wa fedha, jina la mdai au taarifa ya hospitali vyaweza kujitokeza bila kutarajiwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka idhini itolewe kwa hiari na kwa kuelewa, na iweze kuondolewa. Sauti humtambulisha mtu hata jina lake lisipoandikwa.

Kwa hiyo idhini isomwe kwa sauti katika lugha anayoielewa mshiriki. Itumike simu ya mtafiti yenye akaunti ya mfano, na namba ya siri ya mshiriki isiingizwe kamwe. Baada ya kunukuu, rekodi zifutwe kwa tarehe iliyoahidiwa. Mkulima ambaye kilo za majani yake hupimwa na wengine kila siku ana haki ya kujua ni nani anayeipima sauti yake, na kwa ajili gani.

Mipaka ya mbinu

Mbinu hii ina upungufu wake. Haiwezi kurekodi skrini ya simu ndogo ya vitufe, ambayo mwenyewe hupata huduma kwa msimbo wa nyota na reli; hapo hubidi simu nyingine iupige picha mkono wa mtumiaji. Mshiriki akikwama hakuna wa kumkwamua. Nyumbani, simu huweza kuchukuliwa na mtoto aliye shuleni, akaitekeleza kazi badala ya mzazi. Jambo hili la mwisho lisitupwe kama kosa tu. Likitokea mara kwa mara, linafundisha kwamba msomaji halisi wa istilahi katika boma hilo ni mtoto, naye mzazi huisikia tu.

Hitimisho

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mabaraza na wanaisimu wataendelea kuunda maneno, na kazi yao haiwezi kuachwa. Hata hivyo, orodha ya istilahi iliyokamilika mezani ni pendekezo hadi itakapopita mikononi mwa watumiaji. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchukua maneno 10 ya programu moja, washiriki 5 wa kila kundi na simu mbili za kuazima, akarudi na ushahidi wa maneno gani yamemfikisha mkulima kwenye hesabu yake na yapi yamempoteza njiani. Ushahidi huo uwarudie waundaji wa maneno, na wakulima wenyewe waambiwe ni neno gani limebadilishwa kwa sababu yao.