Mbio za magari: je, ndizo shindano kubwa kuliko yote?



Kama una kijana nyumbani, swali hili umeshalisikia. Vijana wakitoka kutazama mbio kwenye televisheni ya senta, au kwenye simu ya mwenzao, wanarudi wakibishana. Mmoja anasema hakuna kitu kinachopita mpira wa miguu. Mwingine anawakumbusha ndondi, na pigano la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa mwaka 1974. Wa tatu, ambaye tayari anajifunza kuendesha moto, anasema mbio za magari ndizo kubwa kuliko zote, kwa sababu humo mtu anacheza na uhai wake.

Neno hilo la mwisho ndilo linatugusa sisi wazazi. Jibu ambalo kijana anajipa mbele ya televisheni, ndilo anapanda nalo kwenye moto kesho yake, akiwa na mama wa mtu nyuma yake. Kwa hiyo juma hili tulijadili swali lenyewe, bila kuwacheka.

Wanachosema kina ukweli

Mtu anaweza kudhani dereva wa mbio anakaa tu na kukanyaga mafuta. Sivyo. Katika mbio za Formula 1 siku ya joto kali, dereva anaweza kupoteza kilo mbili au tatu za mwili kwa jasho. Kila kona inavuta kichwa chake upande kwa nguvu kubwa, ndiyo maana madereva hao wanazoeza shingo kama mbeba mizigo. Na hayuko peke yake: akisimama kubadilisha mipira, watu karibu ishirini wanabadilisha yote minne kwa muda usiofika sekunde tatu. Mmoja akikosea, wote wameshindwa.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tuna mbio zinazojulikana dunia nzima: Safari Rally. Zilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika Pasaka, wakati wa mvua, kwenye barabara za udongo ambazo mtu wa Masisi angezitambua mara moja: matope mpaka kwenye mlango, mto umejaa, gari linateleza kuelekea bondeni.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na tena yakamaliza 7. Mkenya Joginder Singh alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965 aliendesha pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imeshatumika. Lakini jambo ambalo madereva wenzake walimheshimia zaidi ni hili: kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Katika mbio zile, kufika kwenyewe kulikuwa ushindi.

Mwanamke kwenye usukani

Kuna jambo lingine linalostahili kuambiwa binti zetu. Katika mpira na katika riadha, wanawake wanashindana peke yao na wanaume peke yao. Katika rali wote wanaanza kwenye mstari mmoja, na saa haiulizi kama wewe ni nani.

Mfaransa Michèle Mouton alishinda rali ya Sanremo, Italia, mwaka 1981, akawa mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1982 alishinda rali tatu nyingine akamaliza wa pili duniani. Mwaka 1983 alikuja Kenya akawa wa tatu katika Safari. Pembeni yake, kwenye ushindi ule wa Sanremo, alikaa mwanamke mwenzake, Fabrizia Pons, akimsomea njia kona kwa kona. Na jirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Susan Muwonge, aliyechukua ubingwa wa rali wa nchi yake mwaka 2011 mbele ya wanaume.

Lakini nani anaweza kuingia?

Hapo ndipo mbio za magari zinapungukiwa. Mpira unachezwa na mtoto yeyote mwenye majani makavu ya mgomba na kamba ya kuyafunga. Kukimbia kunahitaji miguu tu. Gari la mbio linahitaji pesa nyingi, na mwenye gari bora anaweza kumpita dereva bora. Ukisema shindano ni kubwa kuliko yote, huku watu wengi wa dunia hawawezi hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia, umesema neno zito.

Wengine watajibu: basi mashindano makubwa yako hapa kwetu. Tazama kijana anayeshusha chukudu yenye magunia ya viazi na makala, akifunga breki kwa kandambili. Tazama wanaume waliobeba mawe ya Bisie kutoka msituni, kilo 50 mgongoni. Tazama mama anayepanda kilima na mzigo, kamba kwenye paji la uso, mtoto kifuani. Nani ameshindana kuliko hao?

Tunawaheshimu wote, lakini tuseme wazi: hilo si shindano. Ni shida ya maisha. Mama yule hakuchagua mzigo ule ili apate kikombe. Tukianza kuiita shida yetu mchezo, tutaacha kudai barabara nzuri na gari la kubeba mizigo.

Shindano la kweli lina mambo matatu. La kwanza, mtu anaingia kwa kupenda mwenyewe. La pili, wote wanajua sheria kabla ya kuanza. La tatu, watu wamefanya yote wanayoweza ili anayeshindwa naye arudi nyumbani.

Mbio zenyewe zilijifunza kwa machozi

Jambo hilo la tatu halikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1955, kwenye mbio za Le Mans nchini Ufaransa, gari moja liliruka likaangukia watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakafa. Nchi ya Uswisi ikapiga marufuku mbio za aina hiyo. Mwaka 1994, huko Imola, Italia, madereva wawili walikufa katika siku mbili: Roland Ratzenberger, na kesho yake Ayrton Senna, ambaye wengi walimwona bora kuliko wote. Baada ya hapo magari, kuta na sheria vilibadilishwa sana.

Tangu 2018 kila gari la Formula 1 lina upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva. Mwaka 2020, huko Bahrain, gari la Romain Grosjean liligonga ukuta, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alitoka mwenyewe, mikono imeungua, akiwa mzima.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo vijana hawaitazami. Wanaona mwendo, hawaoni barabara iliyofungwa, nguo zisizoshika moto, kaske, daktari anayengoja na helikopta iliyo tayari. Dereva wa mbio hachezi na uhai wake. Kuna mamia ya watu ambao kazi yao ni kuulinda.

Turudi kwenye barabara yetu

Sasa mpime motari anayeshindana na mwenzake kati ya Sake na Masisi. Je, abiria wake aliingia kwa kupenda? Alilipa ili afike, hakulipa ili ashindane. Sheria ziko wapi? Hakuna. Akianguka nani anangoja? Bonde tu. Na mara nyingine aliyekaa nyuma ni mama mwenye uchungu, anayekimbizwa maternite.

Tusiwalaumu bure. Wengi wanakimbia kwa sababu ya pesa ambayo mwenye moto anaidai kila jioni. Wengine wanaogopa giza kuwakuta njiani, na sababu tunazijua. Lakini hapo pia hakuna kupenda mwenyewe. Kijana anayekimbizwa na deni hashindani, anafukuzwa.

Vikundi vyetu vinaweza kufanya nini? Tunapendekeza haya, mjadiliane kwenye mkutano:

• Abiria aseme. Mkumbuke Fabrizia Pons. Aliyekaa pembeni ya dereva hakuwa mzigo, alikuwa macho yake ya pili. Mama aliye nyuma ya moto ana haki ya kusema "punguza", na ya kushuka asiposikilizwa.

• Kaske ya pili. AVEC inaweza kutenga mchango mdogo kila juma mpaka kikundi kiwe na kaske yake, mwanachama anayesafiri aiazime na kuirudisha.

• Motari wa wajawazito. Kikundi kichague mapema motari mmoja au wawili wanaojulikana kwa utaratibu, na bei ipatanwe kabla ya siku yenyewe. Anayejua atalipwa vizuri hana sababu ya kukimbia ili awahi abiria mwingine.

• Shindano la kweli kwa vijana. Siku ya sikukuu, kwenye uwanja uliofungwa, waandalieni mbio za chukudu na baiskeli, wasichana wakiwemo. Na kwa motari kuna mchezo mzuri: mbio za polepole. Mita thelathini, anayegusa chini kwa mguu ametoka, na anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Mtaona ni nani kweli anajua kuongoza moto.

Jibu letu

Kwa hiyo kijana akiuliza, msimwambie mbio za magari ni upuzi. Mwambieni ni shindano kubwa, kwa sababu mtu, mashine na ekipe nzima wanapimwa pamoja, na mwanamke anaweza kumpita mwanaume waziwazi. Kuliko yote? Hapana, mpaka siku mtoto wa mkulima ataweza kuingia. Na mwambieni pia kwamba barabara ya watu si uwanja.

Akitaka kujua bingwa ni nani, mwulizeni mwaka ule wa 1963 ni magari mangapi yalianza kwa kelele, na ni mangapi yalifika. Majina yanayokumbukwa mpaka leo ni ya wale saba waliofika.