Makali ya Jembe la Unyamwezi

Makali ni ukingo wa chuma uliofuliwa ukawa mwembamba, hata nguvu yote ya mkono ikakusanyika mahali padogo mno. Kwa pigo ambalo bapa lingeubonyeza udongo tu, makali huupasua. Magharibi mwa Tanzania, ujuzi wa kuyatengeneza ulikuwa umekomaa kabla misafara ya pembe haijaanza kupanda Tabora kutoka Bagamoyo.

Mafundi walijaza mawe ya chuma na mkaa ndani ya tanuri la udongo. Warongo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, walipuliza hewa kwa mivukuto. Huko Ufipa, kusini zaidi, tanuri lilipita kimo cha mtu, likavuta hewa lenyewe. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoyanyang'anya mawe oksijeni yake. Joto likifika nyuzi 1,200 hivi za selsiasi, uchafu huyeyuka na kuchuruzika, nao ndio mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakiyeyuki, maana kinataka nyuzi 1,538. Hubaki bonge lenye matundu, ambalo mhunzi hulipasha moto na kulifua tena na tena.

Kaboni kidogo tu, isiyofika asilimia 1, hukigeuza chuma kuwa feleji. Ikizidi sana, chuma huwa kigumu lakini hupasuka kwa nyundo. Kukipima kiasi hicho cha kaboni kwa jicho na sikio, kwa rangi ya moto na mlio wa fuawe, ni sayansi kamili, japo haikuandikwa.

Jembe la Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, lilikuwa na bapa pana la umbo la moyo na mkia uliochongoka, uliopenyezwa katika tundu la kichwa cha mpini. Kila pigo la ardhini liliukaza mkia zaidi. Mchanga, ambao chembe zake nyingi ni ngumu kuliko chuma, uliyala makali msimu hadi msimu, kwa hiyo majembe mapya yalihitajika daima. Yalilipwa kama mahari, yalitumika kama fedha, na wapagazi waliyabeba hadi Ugogo. Makadirio ya mwishoni mwa karne ya 19 yalitaja majembe 150,000 kwa mwaka katika soko la Tabora.

Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliwabana mafundi hao, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 yalizidi kuwa rahisi kuletwa. Matanuri yalizimika. Wahunzi waliendelea kufua, wakitumia vyuma chakavu.