Uwiano wa Majike na Madume: Msingi wa Kuzalisha Kamba wa Maji Baridi

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Mwananchi anayekusudia kuzalisha kamba wa maji baridi, wawe wa kitoweo bwawani au wa mapambo katika tangi la kioo, anapaswa kujua kwanza ni majike wangapi na madume wangapi atakaowaweka pamoja. Uwiano usiofaa huleta hasara hata pale ambapo maji ni safi na chakula kinatosha.

Sababu iko katika maumbile ya kamba mwenyewe. Jike hupandwa mara tu baada ya kujivua gamba, wakati gamba jipya bado ni laini. Saa chache baadaye hutaga mayai na kuyabeba chini ya tumbo. Madume wakizidi hugombana, hukatana magando na kumsumbua jike asiye na kinga, ambaye huweza kuuawa na kuliwa. Wakipungua mno, baadhi ya majike hutaga mayai yasiyorutubishwa, ambayo hupotea baada ya siku chache.

Kwa kamba mkubwa wa mto anayefugwa zaidi duniani, Macrobrachium rosenbergii, wazalishaji huweka dume mmoja kwa majike wanne au watano. Kwa uduvi wadogo wa mapambo, wafugaji wengi huweka dume mmoja kwa majike wawili au watatu.

Kutambua jinsia hakuhitaji maabara. Kwa kamba wa mto, dume aliyekomaa ana kichwa kikubwa na magando marefu, ilhali jike ana tumbo pana lenye kingo zinazohifadhi mayai. Kwa uduvi wa mapambo, jike kwa kawaida ni mkubwa na mwenye rangi iliyokolea kuliko dume.

Hata hivyo, madume wachache wana gharama yake. Tangi lenye madume 2 na majike 10 lina kamba 12, lakini kwa hesabu ya urithi wa vinasaba ni sawa na kuwa na kamba wasiozidi 7, kwa kuwa nusu ya urithi wa watoto wote hutoka kwa madume hao wawili. Baada ya vizazi kadhaa, ndugu huzaana na kizazi hudhoofika. Inashauriwa kuwa na vikundi kadhaa vya wazazi na kubadilisha madume baina ya vikundi.

Jambo hili linawagusa wakazi wa kando ya Mto Ruvuma moja kwa moja. Kamba wa asili wa mito ya pwani ya Afrika Mashariki, akiwemo Macrobrachium rude, huishi mtoni, lakini watoto wao wachanga huhitaji maji yenye chumvi kiasi ili wakue. Siri hiyo ilibainika kwa jamii ya rosenbergii mapema miaka ya 1960 huko Malaysia, pale mtafiti Shao-Wen Ling alipogundua kuwa bila chumvi watoto hao hufa. Kwa hiyo mlango wa mto, pamoja na mikoko yake, ndio kitalu cha kamba hao. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Hivyo basi, anayevua majike wenye mayai huvuruga uwiano wa mto mzima na kupunguza mavuno ya msimu unaofuata. Jike wa namna hiyo arudishwe majini akiwa hai.

Aidha, kamba au uduvi wa kigeni wasimwagwe mtoni wala mferejini mfugaji anapowachoka. Kamba-mto wa Australia, walioletwa kusini mwa Afrika kwa ufugaji, walitoroka na sasa wameenea katika bonde la Mto Zambezi.

Wananchi wanashauriwa kuwaona maofisa uvuvi wa halmashauri zao kabla ya kukusanya kamba wazazi mtoni au kuagiza viumbe hai kutoka nje ya nchi, ili wapate maelekezo kuhusu vibali na utaalamu.