Trekta Dogo katika Uwanda wa Dodoma: Mnunuzi Atazame Nini

Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia makao yake Dodoma mwaka 2016, wamezidi kuonekana katika wilaya za Chamwino, Bahi na Kongwa watu wenye mashamba ya kadiri, ya ekari kumi au ishirini, wengine wakiwa wenyeji waliorithi ardhi kwa wazee wao na wengine watumishi na wafanyabiashara walioinunua. Na wote hao, ufikapo mwezi wa Agosti na maonyesho ya Nanenane kufunguliwa Nzuguni, huyazunguka matrekta yaliyopangwa safu kwa safu wakiulizana ni lipi lenye nguvu zaidi na ni lipi lenye bei nafuu. Maswali hayo mawili ni ya haki, lakini si ya kwanza. La kwanza, ambalo mwenye mali hana budi kulijibu kabla hajatoa hata shilingi moja, ni hili: trekta hilo litafanya kazi gani katika udongo wake, na kwa siku ngapi katika mwaka?

Nchi hii ya kati imekwisha kulipa gharama kubwa kwa kulipuuza swali hilo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mpango mashuhuri wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani, ikaleta matrekta na mitambo mingi iliyobaki katika vita. Lakini visiki na mizizi ya vichaka, udongo ambao mvua zikikatika hukauka na kushupaa kama saruji, na chembe za mchanga zilizokula chuma cha majembe, viliivunja mitambo hiyo kabla haijarudisha faida, na mwaka 1951 mpango wote ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Nguvu za mashine hazikupungua. Yaliyopungua ni maarifa ya ardhi na ya mvua.

Mvua ya Dodoma aghalabu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili, tena mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa katikati ya msimu, mimea ikiwa ingali michanga. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wameshika desturi ya kuberega, yaani kupanda bila kulima kwanza, ili wasiikose mvua ya mwanzo. Ila mizizi hubaki juu juu na maji mengi hupita bila kuzama. Plau ya sahani nayo, ikivutwa kila mwaka kwa kina kile kile, hujenga chini yake tabaka gumu ambalo maji wala mizizi havipenyi. Lililo yakini basi ni kwamba, katika uwanda huu, faida ya trekta haipimwi kwa wingi wa udongo uliopinduliwa, bali kwa wingi wa maji yaliyohifadhiwa. Na zana zinazohifadhi maji ni jembe la kuchana ardhi, ambalo huitwa ripa, pamoja na jembe la matuta, ambayo baadaye hufungwa kwa vizuizi vidogo ili maji yasitiririke. Ripa hufungua mistari ya kupandia tu, na kwa kuwa haigeuzi shamba zima, hata trekta dogo huimudu kwa jino moja au mawili. Mwenye shamba la mteremko alime kwa kuukata mteremko, wala asiufuate, kwa maana makorongo ya Kondoa, yaliyoilazimu Serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, ni onyo litoshalo.

Ama kuhusu ukubwa wa mashine, hesabu ndiyo hakimu. Trekta la nguvu za farasi 25, likivuta plau ya upana wa nusu mita kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, na robo ya wakati ikipotea katika kugeuka, hulima ekari tatu hivi kwa siku ya saa nane. La nguvu za farasi 45, likivuta plau ya sentimita 80 kwa kilomita 5 kwa saa, hulima karibu ekari sita. Kwa mwenye ekari kumi, tofauti yao ni siku mbili tu, ambazo hazihalalishi gharama ya ziada, isipokuwa kama udongo wake ni ule mweusi wa mbuga, unaonata na kudai uzito, ilhali trekta la farasi 25 lina uzito wa tani moja hivi na la 45 hukaribia tani mbili. Pawatila nayo, yaani trekta la mkono, isidharauliwe wala isisifiwe kupita kiasi: katika majaruba ya mpunga ya Bahi ni mtumishi mwema, lakini katika udongo mwekundu uliokauka huruka juu ya ardhi na kumchosha mwendeshaji wake. Na katika mizabibu ya Hombolo, Makutupora na Mvumi, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, trekta jembamba ndilo lifaalo, kwa kuwa hupita katikati ya mistari kwa palizi na kunyunyizia dawa bila kung'oa nguzo na waya.

Kwa kuwa kilimo chenyewe hakilipi kazi trekta ila kwa siku chache, mnunuzi mwenye tadbiri huzitafutia kazi siku zilizosalia: tela la kubebea mazao kwenda soko la nafaka la Kibaigwa, mashine ya kupura alizeti na mtama, pampu ya maji, na kulimia majirani kwa malipo. Asiye na kazi hizo atakuwa amefungia rasilimali yake bandani, ikishuka thamani kila mwaka.

Jambo jingine ni fundi na vipuri. Massey Ferguson za 135 na 240, ijapokuwa ni za zamani, zinajulikana kwa mafundi wengi wa vijijini, na hiyo ni sifa ipitayo rangi mpya. Kinyume chake, kampuni ya Ursus ya Poland, ambayo matrekta yake yaliunganishwa Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, baadaye ilifilisika kwao. Funzo ni kuwa muuzaji na aulizwe mapema vipuri viko ghala gani, na vitafika shambani kwa siku ngapi. Anayenunua lililotumika aliwashe likiwa la baridi, atazame moshi wake, kisha anyanyue plau kwa mikono ya nyuma ya trekta na kuzima injini: plau ikishuka upesi, haidroliki imechoka.

Kuhusu fedha, Benki ya Maendeleo ya Kilimo na makampuni ya kukodisha zana kama EFTA, ambako mashine yenyewe huwa dhamana, yamepunguza ugumu wa mtaji. Hata hivyo mkopaji ashikilie kuwa marejesho yaangukie baada ya mavuno, kwa sababu mkulima wa mvua moja hana mshahara wa kila mwezi shambani.

Hukumu yetu ni hii. Mwenye ekari chini ya kumi asiye na kazi nyingine ya trekta, na akodi, au ashirikiane na wenzake katika chama chao. Mwenye ekari kumi hadi thelathini za udongo mwekundu, au mizabibu, na anunue la nguvu za farasi 25 hadi 30. Mwenye mbuga, au anayekusudia biashara ya kulimia watu, na apande hadi 45 au 50. Na kila mmoja wao anunue ripa kabla ya plau, amfundishe dereva kabla ya msimu, na atenge fedha za mafuta na vipuri kabla hajatia sahihi mkataba.