Kalamu badala ya sururu: Kijana wa Shinyanga na Geita anavyoweza kupata ajira ya kwanza ya kuchora wahusika

UKIPITA katika miji ya Kahama, Katoro na Geita, huwezi kukosa kuona kazi za wachoraji. Saluni ina picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri, bucha ina ng'ombe mwenye pembe ndefu, na duka la pembejeo lina mkulima anayetabasamu akiwa na bomba la dawa mgongoni. Aliyechora picha hizo mara nyingi ni kijana aliyejifunza mwenyewe, analipwa kwa ubao mmoja mmoja, na kazi zikikauka huenda machimboni kutafuta kibarua kwenye duara au kwenye karasha.

Kijana wa namna hiyo akiambiwa kuwa wapo watu wanaoajiriwa kuchora wahusika wa katuni na kulipwa mshahara kila mwezi, anaweza kudhani anataniwa. Lakini ajira hizo zipo, ingawa si nyingi, na nyingi ziko mbali na kanda ya dhahabu. Je, kijana wa Shinyanga au Geita azifikieje bila kumaliza mifugo ya wazazi wake?

Soko liko wapi?

Mchora wahusika ni yule anayebuni sura, umbo, mavazi na tabia ya mtu au mnyama atakayeonekana katika filamu ya katuni, kitabu cha watoto, mchezo wa kwenye simu au tangazo. Wapo wanaochora kwa michoro bapa, na wapo wanaofinyanga umbo la pande tatu ndani ya kompyuta.

Hapa nchini, mfano unaofahamika zaidi ni taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013. Kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kuonekana TBC1 Januari 2014, na Akili and Me kikafuata mwaka 2016. Mhusika mkuu wa kipindi hicho cha pili, Akili, ni mtoto wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto huyo ilibidi kwanza achorwe na mtu.

Nairobi nako kumekuwa na kazi. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye vipindi 52, ulitengenezwa huko na kuanza kuonyeshwa na CBeebies ya Uingereza mwaka 2010. Wanyama wake walifuata mtindo wa uchoraji ulioasisiwa na Mtanzania Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Mtindo uliozaliwa Tanzania ukawapa kazi vijana wa Nairobi, na hilo ni somo la kibiashara.

Kwa wakulima, mfano wa karibu zaidi ni jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015. Katika toleo moja la mwanzo, mhusika kijana aliwafundisha wasomaji kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Somo ambalo bwana shamba angelieleza kwa kurasa kadhaa lilieleweka kwa visanduku vichache vya picha, kwa sababu lilitolewa na mhusika ambaye vijana walimpenda.

Ndiyo maana soko la mchoraji wa kanda ya ziwa halipaswi kuishia kwenye televisheni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na wachimbaji wadogo wanahitaji kuelezwa hatari ya kuchoma zebaki mahali wanapopikia. Wakulima wa pamba wanahitaji kuonyeshwa namna ya kupulizia dawa wakiwa wamevaa kinga. Yeyote anayetayarisha vipeperushi hivyo anahitaji mtu wa kumchorea mhusika anayefanana na watu wa Nyang'hwale au Kishapu, na si picha ya mkulima wa Ulaya iliyookotwa kwenye intaneti.

Jalada la kazi ndiyo cheti

Katika kazi nyingi, mwombaji huanza kwa kuonyesha vyeti. Katika uchoraji wa wahusika, jambo la kwanza kutazamwa ni jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa michoro yake. Cheti cha chuo kama TaSUBa ya Bagamoyo au shahada ya sanaa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husaidia, lakini hakiwezi kuokoa jalada bovu.

Kosa la kwanza la waombaji ni kuweka kila kitu walichowahi kuchora. Kazi 8 hadi 12 nzuri zinatosha. Anayepitia maombi hana muda mrefu, na mchoro dhaifu mmoja humfanya atilie shaka ile mizuri. Mkulima anayepeleka pamba sokoni anajua hali hiyo: pamba chafu kidogo ikichanganywa na safi, mzigo wote hushushwa daraja.

Kosa la pili ni kujaza jalada kwa wahusika wa Japani na Marekani walionakiliwa. Kunakili ni njia nzuri ya kujifunza, lakini mwajiri anataka kujua kama mwombaji anaweza kubuni. Hapa kijana wa Usukumani ana mtaji ambao haujatumika. Anayo hadithi ya Masala Kulangwa, kijana aliyemuua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa tumboni mwake watu wote waliomezwa. Ana Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yenye historia ya Bagika na Bagalu na ngoma zao za mashindano. Wacheza nyoka wa Kisukuma walikuwa na nyumba zilizopambwa michoro ukutani kabla katuni za televisheni hazijafika huku.

Mwombaji akimchagua Masala Kulangwa, asitoe picha moja tu ya kijana na mkuki. Amchore akiwa ametazama mbele, ubavuni na kwa nyuma, vipimo vya mwili vikiwa vilevile katika kila mchoro. Aongeze nyuso 6 zinazoonyesha furaha, hofu, hasira, mshangao, uchovu na aibu. Aongeze mikao michache: anakimbia, ananyata, amebeba mzigo. Amweke pia pembeni ya Shing'weng'we ili ukubwa wa zimwi uonekane. Karatasi ya namna hiyo humwambia mwajiri kwamba mchoro huo unaweza kukabidhiwa kwa watu wengine 10 na wote wakamchora Masala yuleyule.

Kipimo kimoja rahisi hakigharimu kitu. Mchoraji ajaze umbo lote la mhusika kwa rangi nyeusi, kisha amuulize mdogo wake huyu ni nani. Ikiwa mtoto hawezi kumtofautisha Masala na mama yake, umbo halijakamilika.

Upande wa vifaa, programu si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Krita ya kuchorea na Blender ya maumbo ya pande tatu hutolewa bure. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2025.

Barua na kazi ya majaribio

Barua ya maombi iwe fupi. Itaje nafasi inayoombwa, ieleze kwa sentensi moja au mbili kwa nini kazi za mwombaji zinafanana na zile za mwajiri, kisha itoe anwani ya mahali jalada lilipo. Faili zisiwe nzito, maana barua pepe isiyofunguka haisomwi. Studio ya vipindi vya watoto isipelekewe mizimwi inayotoa damu, na gazeti la siasa lisipelekewe sungura watupu.

Ambaye hajapata nafasi iliyotangazwa asikae akisubiri tangazo. Magazeti yamekuwa mlango wa wachoraji wengi. Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliacha masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi na mwaka 1992 akajiunga na kampuni ya Nation ya Nairobi kama mchora katuni. Baadaye alianzisha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi kilichoanza mwaka 2009.

Maombi yakipokewa vizuri, hatua inayofuata mara nyingi ni kazi ya majaribio. Mwombaji hupewa maelezo, kwa mfano bibi muuza samaki mwenye hasira za haraka na moyo mwema, na siku chache za kumchora. Hapa hupimwa mambo matatu: kusoma maelekezo, kutunza muda na ubora wa mchoro. Wengi hufeli la kwanza. Bibi ameagizwa awe na hasira, wao wanamleta bibi mrembo anayetabasamu.

Mwombaji naye ana haki ya kuuliza. Je, jaribio linalipwa? Je, mchoro utatumika iwapo hataajiriwa? Mhusika mmoja kwa siku mbili au tatu ni jaribio. Anayeagizwa wahusika 15 wenye rangi kamili, bila malipo na bila maandishi, anafanyishwa kazi.

Ndani ya chumba cha usaili

Usaili wa mchoraji haufanani na ule wa karani. Jopo hufungua jalada na kuuliza maswali juu ya kila mchoro. Kwa nini mabega yake ni mapana hivi? Kwa nini umempa kanga ya rangi hii? Ulitumia siku ngapi? Sehemu ipi ilichorwa na mwenzako?

Majibu ya "nimeona inapendeza" hayatoshi. Anayesema "mabega ni mapana kwa sababu ni mchimbaji, na nimeinamisha shingo kwa kuwa amezoea kuingia mashimo mafupi" anaonyesha kwamba anafikiri. Aliyekulia kandokando ya machimbo anajua jinsi mtu anavyonyanyua sururu, mahali ambapo vumbi hukaa usoni, na jinsi mama anayechenjua dhahabu mwaloni anavyokunja mgongo. Maarifa hayo hayafundishwi chuoni.

Siku hizi, ambapo akili unde inaweza kutoa picha kwa sekunde chache, ni busara kwenda na michoro ya awali ya penseli. Michoro hiyo ndiyo ushahidi kwamba kazi ni ya mwombaji, na inaonyesha njia aliyopitia kufika kwenye umbo la mwisho.

Jaribu gumu zaidi ni kukosolewa. Mmoja wa wasaili anaweza kusema kichwa ni kikubwa mno na kumpa mwombaji karatasi arekebishe palepale. Anayebishana hupoteza. Anayenyamaza na kukubali kila kitu pia hasifiwi. Anayeuliza, "Mnataka aonekane mdogo zaidi kwa umri, au mwepesi zaidi?" kisha akachora, huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi.

Hesabu ya ng'ombe

Pamoja na yote hayo, familia inahitaji hesabu. Takwimu zifuatazo ni mfano tu, na kila mmoja aweke bei za kwao.

Tuseme kompyuta mpakato iliyotumika ni Sh800,000, kibao cha kuchorea Sh200,000, na intaneti ya miezi 8 ya kujifunza kwa Sh30,000 kila mwezi ni Sh240,000. Jumla ni Sh1,240,000. Safari ya kwenda Dar es Salaam kwa usaili, karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga, pamoja na malazi, tuseme Sh260,000. Jumla kuu ni Sh1,500,000.

Akiajiriwa Dar es Salaam kwa Sh400,000 na kutumia Sh300,000 kwa chumba, chakula na nauli, hubakiwa na Sh100,000. Atarudisha mtaji kwa miezi 15. Akibaki nyumbani akichora kurasa za vitabu 10 kwa mwezi kwa Sh40,000 kila moja, huku matumizi yake pamoja na intaneti yakiwa Sh150,000, hubakiwa na Sh250,000. Kwa kuwa hakusafiri, mtaji wake wa Sh1,240,000 hurudi kwa takribani miezi 5. Lakini kazi zikipungua kwa nusu, anabakiwa na Sh50,000 tu, na muda unakuwa karibu miezi 25.

Kwa hiyo mshahara mdogo wa uhakika na kipato kikubwa cha kubahatisha si kitu kimoja, kama ambavyo mtama na pamba si zao moja. Familia makini haiuzi ng'ombe wote kwa ajili ya kompyuta. Huanza na penseli na karatasi, kijana ajaze jalada kwanza, kisha kifaa kinunuliwe baada ya mauzo ya pamba au mpunga, wakati fedha ipo mkononi. Usaili wa kwanza uombwe ufanyike kwa njia ya simu au video, na nauli itumike pale tu mwajiri anapoonyesha nia ya kweli.

Mkataba ukija, usomwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa na malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro, hivyo iandikwe wazi nani atammiliki mhusika akija kuwa maarufu, kwenye madaftari na fulana.

Dhahabu ya Geita siku moja itakwisha, kama ilivyokwisha kazi ya uzalishaji katika mgodi wa Buzwagi mwaka 2021. Mkono uliozoea kuchora utabaki na mwenye nao. Kijana anayepaka mabango ya saluni Katoro leo anaweza kuanza jioni hii, kwa daftari la Sh1,000, kumchora Masala Kulangwa kwa mbele, ubavuni na kwa nyuma.