Matokeo ya Kidato cha Nne: wazazi tusiishie kwenye daraja

Baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alitujia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya matokeo ya binti yake aliyehitimu kidato cha nne: daraja la tatu, pointi 23. Siku matokeo yalipotoka, nyumba nzima ilishukuru. Alichinjwa mbuzi, majirani wakaalikwa, na binti akaanza kuulizia sare za kidato cha tano. Miezi ikapita. Majina ya waliochaguliwa yakatangazwa, na jina lake halikuwamo. Binti wa nyumba ya pili, ambaye si Muislamu, naye alikuwa na daraja la tatu na pointi 23. Yeye alichaguliwa. Mzee yule alituuliza kwa sauti ya chini: “Ndugu zangu, semeni kweli. Ni jina la mwanangu ndilo lililomponza?”

Swali hilo hatukulipuuza, wala hatuwalaumu wanaoliuliza. Lakini kabla ya kumtuhumu yeyote, uadilifu unatutaka tuanze na ushahidi ulio mkononi. Tuliikunjua karatasi ile, tukaisoma somo baada ya somo, na jibu tukalikuta humo humo. Kwa kuwa kila mwaka nyumba nyingi za Waislamu hupatwa na mshituko wa aina hii, tumeona tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, ili mwaka huu asiwepo mzazi wa kuligundua wakati muda umeshapita.

Daraja hupatikanaje?

Mtihani wa kidato cha nne huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), hufanyika Novemba, na matokeo yake kwa kawaida hutangazwa kuanzia Januari. Kila somo hupewa alama kwa herufi. A ni maksi 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kisha kila herufi hubadilishwa kuwa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Kwa hiyo pointi chache ndiyo heri, na nyingi ndiyo hasara.

Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Katika orodha ya matokeo, jumla hiyo ya pointi huandikwa chini ya neno AGGT na daraja chini ya neno DIV. Wazazi wengi macho yao huishia hapo. Mambo makubwa yako mbele zaidi, katika msitari wa masomo yenyewe.

Pointi sawa, sifa tofauti

Binti wa mzee yule alikuwa na A katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, C katika Kiswahili na Kiingereza, na D katika Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia. Jumla ni 23. Binti wa jirani alikuwa na C katika Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia, na D katika Biolojia na Hisabati. Naye jumla yake ni 23.

Sasa tuutazame mwongozo wa kuwachagua wanafunzi wa kidato cha tano katika shule za serikali, kama ulivyotumika kwa miaka mingi. Humtaka mwanafunzi awe na alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Humtaka pia pointi zake za masomo saba zisizidi 25, masomo matatu ya tahasusi anayoiomba yasizidi pointi 10, na asiwe na F katika somo lolote la tahasusi hiyo.

Binti wa mzee alikuwa na alama nzuri katika masomo matatu, lakini moja ni la dini. Yaliyobaki ni mawili. Hata tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza, ambayo pointi zake zilikuwa 10 kamili, haikuweza kumwokoa, kwa sababu sharti la kwanza halikutimia. Jirani yake alikuwa na masomo matano ya kiwango hicho. Daraja liliwaonesha kuwa sawa. Sifa za kuingia kidato cha tano hazikuwa sawa.

Pasiwepo wa kutuelewa vibaya. Hatusemi Elimu ya Dini ya Kiislamu haina faida. Somo hili, ambalo katika orodha ya matokeo huandikwa E/D/KIISLAMU, huhesabiwa katika pointi za daraja kama somo lingine lolote, na faida yake kwa kijana ni pana kuliko cheti. Tunachosema ni kwamba mzazi asilitegemee lijaze nafasi ya Historia au Kemia pale mwongozo unapotaka masomo yasiyo ya dini. Mtoto alifanye somo la dini, alifaulu vizuri, na bado awe na matatu mengine imara pembeni yake. Lugha ya Kiarabu ni somo la lugha. Mzazi asiichanganye na somo la dini.

Ikumbukwe vilevile kuwa mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya, zikiwemo zenye Elimu ya Dini ya Kiislamu ndani yake. Kwa hiyo kila familia isome mwongozo wa mwaka wake wenyewe, isitegemee ule wa kaka aliyesoma zamani.

Muda wa kubadili machaguo

Mwanafunzi hujaza fomu ya machaguo, maarufu kama selform, akiwa bado shuleni, kabla hajajua atapata nini. Matokeo yakishatoka, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hufungua kwa muda maalumu mfumo wake wa mtandaoni ili kijana abadili tahasusi au chuo kulingana na alama alizopata. Kijana aliyejaza Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha akapata F katika Fizikia, akiacha fomu yake ilivyo, amejifungia mlango mwenyewe.

Muda huu hupita nyumba nyingi zikiwa bado zinapokea pongezi au pole. Nasaha yetu ni kwamba wiki ileile matokeo yanapotoka, baba, mama na kijana wakae pamoja na karatasi ya alama, kalamu na mwongozo. Wamwite mwalimu wa taaluma, au ustadhi wa mtaani aliyesoma. Wafanye shura kama dini ilivyotufundisha, waswali istikhara, kisha wafanye uamuzi. Kijana mwenyewe asikilizwe, maana ndiye atakayekesha na vitabu.

Aina za shule

Shule za serikali za kidato cha tano haziko sawa. Zipo za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka nchi nzima, zipo za kutwa, na zipo zile za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, ambazo ushindani wake ni mkali. Kukidhi sifa, basi, hakumaanishi kwamba mwanafunzi atapangiwa shule aliyoitamani, kwani nafasi hugawiwa kwa ushindani. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini nauli, godoro, sare na mahitaji mengine yaliyoorodheshwa katika fomu ya kujiunga vinabaki kwa mzazi. Aanze kudunduliza mapema.

Zipo pia shule binafsi, zikiwemo seminari na shule za taasisi za Kiislamu. Mzazi huzipenda kwa sababu za wazi: swala kwa wakati, stara ya mabinti, chakula cha halali, darasa la dini. Hizo ni sababu njema. Hata hivyo, zisimzuie kuuliza maswali mengine: Je, shule imesajiliwa kufundisha tahasusi hiyo? Walimu wa masomo hayo wapo? Maabara ipo? Matokeo yake ya kidato cha sita kwa miaka mitatu iliyopita yakoje? Haya ya mwisho hutangazwa hadharani na NECTA, shule kwa shule. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, mkuu wa shule athibitishe kwamba alama za mtoto zinamruhusu kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha sita.

Anayepangiwa shule ya serikali mbali na nyumbani naye asiachwe hivi hivi. Aulizie mahali pa kuswalia na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ya shule hiyo. Kijana aliyepokelewa na wenzake siku ya kwanza hupotea kwa nadra.

Kidato cha tano si njia pekee

Tulirudi kwa mzee yule na karatasi yake. Tulimwonesha kwamba binti yake alikuwa amefaulu masomo sita yasiyo ya dini kwa alama D au zaidi. Vyuo vya kati vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) kwa kawaida huanzia na ufaulu wa D katika masomo manne yasiyo ya dini, kila kozi ikiongeza masharti yake. Kozi za afya, kwa mfano, hutaka masomo ya sayansi, kwa hiyo asiye na Kemia asipoteze fedha kuziomba. Huko kijana huanza na astashahada, hupanda hadi stashahada, na mwenye stashahada yenye wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba chuo kikuu. Ni njia kamili, yenye ujuzi mkononi kabla ya shahada.

Mlango mwingine ni VETA. Kijana mwenye mikono myepesi katika umeme, magari, ushonaji au upishi haendi kule kwa kushindwa. Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake, nasi bado tunaona haya mtoto akishika spana.

Mlango wa tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa binti yule, somo moja tu, Historia, likipanda kutoka D kwenda C, lingemtimizia masomo matatu yasiyo ya dini. Na yule anayeamini kwa dhati kwamba alama zake zimekosewa, NECTA hupokea rufaa ndani ya muda inaouweka baada ya matokeo. Hiyo ndiyo njia ya kudai haki, kwa maandishi na kwa wakati.

Kidato cha sita: hesabu hugeuka

Baada ya miaka miwili wazazi hukutana tena na mtego uleule kwa sura nyingine. Katika mtihani wa kidato cha sita, unaofanyika Mei, daraja hutokana na masomo matatu ya tahasusi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 au 21 ni sifuri.

Lakini Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu kwa mwelekeo mwingine. Kwake A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Kima cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili yenye jumla ya 4.0, na kozi nyingi hutaka zaidi ya hapo. Mwenye D, D na S ana pointi 14, daraja la tatu. Kwa TCU, D zake mbili zinampa 4, amefika. Mwenye D, E na E naye ana pointi 14, daraja la tatu. Kwa TCU, mawili yake bora yanampa 3, hajafika. Kwa mara nyingine, daraja ni moja na hatima ni mbili.

Mzee yule aliikunja karatasi yake taratibu. Alisema kilichomuuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwake tangu Januari. Tulimwambia mwaka haujaisha na binti yake ana milango zaidi ya mmoja, nasi tunamuombea Allah amfungulie wenye kheri.

Sisi ni umma ambao amri ya kwanza kuteremshiwa Mtume wake (s.a.w.) ilikuwa ni kusoma. Haielekei tushindwe kuisoma karatasi moja ya mtoto wetu. Itakapotoka mwaka huu, insha’Allah, tuisome yote.