Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Michezo Itumiayo Linux

Kompyuta ni mkusanyiko wa sehemu nyingi, na mtu aweza kununua kila sehemu peke yake akaziunganisha mwenyewe. Kuunganisha ni kazi nyepesi. Kugumu ni kuchagua, kwani sehemu nzuri isiyopatana na nyingine ni fedha iliyotupwa. Katika kompyuta ya michezo itakayotumia Linux, mambo matatu hayana budi kupatana.

Kwanza ni umbo na umeme. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, hukaa katika tundu maalumu la ubao mkuu. Kwa mfano, Ryzen 5 5600, iliyotolewa na kampuni ya AMD mwaka 2022, hukaa katika tundu la AM4, na ubao wa tundu hilo hupokea kumbukumbu za DDR4 tu. Za DDR5 haziingii. Kichakataji hicho kimekadiriwa wati 65, na kadi ya michoro ya Radeon RX 6600 wati 132. Jumla ni wati 197. Zikiongezwa wati 60 hivi za ubao, diski na feni, jumla hukaribia 260. Kwa kuwa matumizi ya umeme hupanda ghafla mchezo unapokuwa mzito, kifaa cha kugawa umeme cha wati 450 kinafaa.

Pili ni kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiunda mjini Helsinki mwaka 1991. Kadi ya michoro haifanyi kazi ipasavyo bila programu ya kuiendesha. Tangu mwaka 2015, programu ya kadi mpya za AMD imo ndani ya kiini chenyewe; kadi za NVIDIA kwa kawaida huhitaji programu ya kampuni hiyo iongezwe kando. Aidha, kiini kilichoitangulia kadi huenda kisiitambue.

Tatu ni michezo yenyewe. Mingi huandikwa kwa ajili ya Windows. Programu ya Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, huwa mkalimani: amri za Direct3D huzigeuza kuwa za Vulkan, ambazo Linux huzielewa. Hata hivyo, baadhi ya michezo ya mashindano ina programu za kuzuia udanganyifu zinazoikataa Linux, na hakuna kadi, hata ikiwa ghali namna gani, iwezayo kuondoa katazo hilo.

Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huanza na mchezo, kisha kadi, kisha kichakataji na ubao wake, na humalizia kwa hesabu ya wati. Hayo yote huyafanya kwa kalamu na karatasi, kabla ya kutoa fedha.